Kompyuta kabla ya pipeti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha maabara chuoni, huku Kigamboni. Wanafunzi 60, mashine moja ya PCR, ile ya kunakili DNA, na umeme ukikatika kazi yote imeharibika. Programu ya kompyuta inayompa mwanafunzi tatizo alitatue mwenyewe itafaa, au ni mchezo tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Itafaa sana, mradi uchague ile inayomruhusu mwanafunzi akosee. Mimi nilifundishwa kwa karatasi ya hatua: weka hiki, ongeza kile. Siku jeli yangu, ile tunayopitishia DNA kwa umeme ili ionekane kama mistari, ilipotoka tupu, bila mstari hata mmoja, niliduwaa.

Programu nzuri inakuonyesha jeli hiyohiyo tupu, halafu inauliza: kosa liko wapi? Mwanafunzi anarudi nyuma. Nyuzijoto 95 za kutenganisha DNA zilifikiwa? Praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, zilishika? Kimeng'enya kinachonakili DNA kilisahaulika? Au waya za umeme wa jeli ziligeuzwa? DNA ina chaji hasi, hukimbilia upande chanya. Ukigeuza waya, sampuli inatoroka kinyumenyume na kuishia kwenye bafa, yale maji ya chumvi yanayoizunguka jeli. Kwenye kompyuta kosa hilo ni la dakika mbili. Mezani ni asubuhi nzima, na kemikali zenyewe unajua bei yake.

Waweke wawili wawili kwa kompyuta moja, wabishane. Usiwakatize.

Ila pipeti, kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika, haifundishwi kwa kipanya. Kidole gumba lazima kikijue kituo cha kwanza na cha pili cha kitufe chake, na jicho lizoee mikrolita 2, tone dogo kuliko punje ya mtama. Hilo wafanye kwa maji ya rangi, wiki nzima, kabla hawajaigusa mashine yako.