Mwaka wa Onazi Huanza Mwaka wa Pili

Mwanafunzi anayetoka Kenya au Tanzania kwenda kusoma shahada ya biashara Afrika Kusini huondoka nyumbani akijua kwamba onazi (Honours) ni daraja la ufaulu linaloandikwa kwenye cheti. Kule onazi ni shahada nyingine, ya mwaka mmoja, inayoombwa upya baada ya ile ya miaka mitatu. Shahada ya kwanza ya biashara iko ngazi ya 7 katika mfumo wa taifa wa sifa za elimu, onazi iko ngazi ya 8, na kuhitimu ya kwanza hakumpi mtu haki ya kuingia ya pili. (Wapo wanaoiita shahada ya heshima, lakini jina hilo tumezoea kulisikia viongozi wanapotunukiwa udaktari.)

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Mwaka wa pili nilikwepa ekonometriki, somo la kupima nadharia za uchumi kwa takwimu, kwa sababu waliotutangulia walisema inaangusha watu, nikachukua masomo ya masoko yaliyonipa alama nzuri bila jasho. Nilipofungua fomu ya kuomba onazi ya uchumi, wastani wangu ulitosha, ila kozi tangulizi sikuwa nayo, na hakuna barua ya kujieleza iliyoweza kuziba pengo hilo. Nilibaki nyuma mwaka mzima, huku niliokaa nao dawati moja wakiandika tasnifu zao. Kwa hiyo, ninyi mnaoanza, someni masharti ya idara mnayoitaka kabla ya kuchagua masomo ya mwaka wa pili, na mwangalie hasa alama za somo kuu la mwaka wa tatu. Idara nyingi hudai asilimia 60 au 65 katika somo hilo, na wastani wa jumla unaopendeza hauwaokoi walioteleza hapo.

Wanaolenga uhasibu wana njia yao, ambayo mwaka wake wa nne huelekea kwenye mitihani ya chama cha wahasibu, SAICA, na mambo ya utafiti ninayoyaeleza hapa chini huwagusa kidogo tu.

Kwa wengine wote, utafiti ndio unaowapima. Onazi ina krediti 120, na angalau 30 kati yake ni za utafiti. Kwa kuwa krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, hizo ni saa 300, ambazo haziwezi kubanwa katika wiki sita za mwisho ingawa kila mwaka wapo wanaojaribu. Mada yangu ya kwanza ilikuwa utandawazi na biashara barani Afrika. Msimamizi aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: nchi ipi, bidhaa ipi, miaka ipi? Wiki tatu baadaye nilikuwa nauliza kama kushuka kwa thamani ya randi kuliongeza mauzo ya machungwa nje ya nchi, swali ambalo takwimu zake Benki Kuu na idara ya takwimu huzitoa bure. Mwenzangu aliyechagua kukusanya takwimu kwa hojaji alilazimika kwanza kusubiri kibali cha maadili ya utafiti, na hojaji yake ikarudishwa mara mbili kwa marekebisho.

Barua za mapendekezo ziombwe mapema, mhadhiri angali anakukumbuka darasani, kwani Desemba ofisi hufungwa, na mwanafunzi wa kigeni huhitaji barua ya kukubaliwa chuoni ndipo aombe viza mpya.