Mfuko wa Bastola Hauwekwi Kitu Kingine

SWALI: Jambo afande. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza mukene (dagaa) na sangara kwa jumla hapa Busia, Uganda. Mara tatu kwa wiki nateremka Majanji ziwani alfajiri na pesa taslimu, napita Masafu na Lumino kwa boda. Mwaka jana vijana watatu wenye mapanga walinisimamisha wakachukua kila kitu. Nikaomba silaha. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ameandika barua, polisi wamehoji majirani, kamati ya usalama ya wilaya imeniita, na sasa nimeambiwa niendelee. Muuzaji mwenye leseni amenionyesha bastola tatu: kadogo kabisa ka milimita 6.35 kanakotosha kiganjani; ya pili ya milimita 7.65, mfano wa Walther PPK. Na ya tatu rivolva fupi ya .38, ile ya silinda inayozunguka, risasi tano. Mimi nimependa ile ndogo, inaingia hata kwenye mkoba. Niichukue? Na nitaibebaje? – Mama Samaki, Busia

JIBU: Jambo sana mama, na pole kwa yaliyokupata. Naanza na mkoba kwa sababu umenishtua. Wale vijana walichukua kila kitu, na bila shaka mkoba ndio ulitangulia. Kama bastola ingekuwa humo siku ile, wangeondoka na pesa zako na silaha yako, na yenye namba iliyoandikwa kwa jina lako. Mwizi wa boda hunyakua mkoba kabla hujageuza shingo. Silaha inakaa mwilini mwako au inabaki nyumbani imefungiwa. Hakuna mahali pa tatu.

Sasa bastola zenyewe. Ile ndogo naifahamu ukoo wake. John Browning aliwabunia kiwanda cha FN cha Ubelgiji bastola ya 6.35 mwaka 1905 kwa ajili ya mfuko wa kizibao, na mwaka 1931 ikafuata ile iitwayo Baby Browning, ambayo haifiki hata gramu 300. Kuibeba ni raha. Kupiga nayo ni kazi. Vidole viwili tu ndivyo vinavyopata pa kushika, kile cha tatu kinaning'inia hewani. Ncha ya kulengea ni kama punje ya mchele. Mtutu ni mfupi, kwa hiyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa mbele. Miaka niliyofundisha shabaha nilizoea kutundika karatasi ya mfuko wa saruji, nikawasimamisha watu mita saba. Afande ambaye kwa bunduki kubwa hakosi, ukimpa kabastola ka mfukoni anakosa karatasi nzima. Na risasi yenyewe ya 6.35 ni dhaifu. Watu hudhani bastola ndogo ni ya mtu anayeanza, lakini ni ya mtu aliyekwisha kujua.

Ya pili ni chombo kizuri. Walther walitoa PP mwaka 1929 na PPK mwaka 1931, fupi zaidi, ili polisi wasiovaa sare waifiche. Ni bapa, haivimbishi nguo. Shida ni springi. Bastola za namna hii hutegemea springi ngumu na uzito wa slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, kuzuia nguvu ya risasi, kwa hiyo kuikoki kunataka mkono wenye nguvu na mkavu. Wewe mama unashinda na samaki. Nenda kwa muuzaji, mwambie aihakikishe tupu mbele ya macho yako, lowesha mikono kwa maji ya sabuni, kisha vuta slaidi mara kumi. Ikikuteleza hata mara mbili, iache. Tena mkono ukipanda juu sana kwenye mpini, slaidi ikirudi hukata nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mimi nina mistari miwili hapo tangu ujana, imelala sambamba kama reli.

Kwako wewe nachagua rivolva. Haina slaidi ya kuvuta. Unaifungua, unaona matundu matano, unajua ina nini na haina nini, hata kwenye mwanga wa taa ya boda. Risasi moja ikigoma, unavuta triga tena na nyingine inakuja. Triga yake ni nzito, na uzito huo ni rafiki mfukoni. Lakini muulize muuzaji kama anayo yenye nyundo iliyofichwa ndani, kwa maana ile yenye nyundo ya nje hunasa kitambaa wakati wa kuitoa. Na uchukue ya chuma, ya kama gramu 550, usichukue ya alumini ya kama gramu 425. Muuzaji ataisifu ile nyepesi. Nyepesi inapiga mkono kama kofi, na mtu akiumia mara tano haendi tena uwanjani kufanya mazoezi. Bastola usiyoifanyia mazoezi ni chuma tu.

Kuhusu kuibeba, naomba usome hapa polepole, maana hapa ndipo watu wanapojiumiza.

Nilikuwa kijana, nimevaa kiraia, nimepanda teksi ya kwenda Jinja. Bastola ilikuwa mfuko wa kulia wa koti, bila ala. Mfuko huohuo nilitia funguo, sarafu, na karanga za kukaanga kwenye karatasi. Teksi ikajaa, tukabanana, nikasogea kumpisha mama mwenye mtoto. Nilipofika na kutia mkono nitoe nauli, nilikuta bastola imejigeuza, mdomo umeelekea tumboni kwangu, na pete ya funguo imepita ndani ya kizingio cha triga. Ningevuta funguo kwa haraka ningevuta na triga. Kifungio cha usalama ndicho kilichoniokoa. Usiku ule niliifungua nikakuta ganda la karanga ndani ya mtutu na vumbi la nyuzi limejaa kwenye slaidi kama pamba. Hadi leo nikisikia funguo zinalia mfukoni mwa mtu mwenye silaha, namwambia azitoe.

Kwa hiyo mfuko wa bastola ni wa bastola peke yake. Usitie sarafu, simu, wala leso. Na ndani ya mfuko, bastola iwe kwenye ala yake ya mfukoni, ya ngozi au ya kitambaa kigumu, inayofunika triga yote na kuiweka wima, mpini juu. Upande wa nje wa ala uwe wa kukwaruza kidogo, ili ukitoa bastola ala ibaki mfukoni. Kuirudisha ni kinyume: toa ala nje kwanza, tia bastola ndani ya ala ukiwa umetulia, ndipo virudi pamoja mfukoni. Usisukumie bastola kwenye mfuko usiouona.

Gomesi, lile gauni letu la kina mama, halina mfuko wa kazi hii, na mshipi wake si mahali pa silaha. Mpelekee fundi wako kitenge au suruali, umwambie akutilie mfuko wa kitambaa cha drili, mishono miwili, mdomo mpana kuliko kiganja chako. Si lazima umwambie ni wa nini. Ukikaa nyuma ya boda mfuko wa mbele hubanwa na paja, na mkono hauingii. Jaribu ukiwa umekaa, kwa bastola tupu, kabla hujaamini. Mimi ningependa uwe mfuko wa koti jepesi, upande wa mkono unaoandikia.

Mazoezi ya nyumbani hayagharimu. Risasi zote ziende chumba kingine. Fungua, tazama, tia kidole kwenye kila tundu kuhakikisha. Elekeza ukuta wa matofali usio na mtu nyuma yake, weka sarafu ya mia tano, ile yenye korongo, juu ya mtutu karibu na ncha, kisha vuta triga taratibu. Sarafu isianguke. Ukifika mara ishirini mfululizo, mwombe mkufunzi akupeleke uwanjani kwa risasi halisi, mita tatu kisha tano. Zaidi ya hapo si shughuli ya bastola hii.

Na sheria, mama. Uganda, nguvu ya kujilinda wewe na mali yako hupimwa kwa kanuni za sheria ya mapokeo ya Uingereza. Ndivyo Sheria ya Makosa ya Jinai inavyosema. Maana yake mahakama itauliza kama kweli ulikuwa hatarini dakika ile, na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari. Panga limeinuliwa juu yako, hiyo ni hatari. Kijana anakimbia na pesa zako, amekupa mgongo, hiyo imekwisha. Ukimpiga utashtakiwa wewe. Najua inauma, pesa za mukene zinapatikana kwa jasho. Ziache ziende. Mimi ningefurahi zaidi ukipunguza pesa taslimu, ulipe kwa simu pale Majanji, na ubadilishe saa na njia, hata baada ya kuipata hiyo rivolva.

SWALI: Afande, nikiwa na bastola mfukoni nafanyaje mlangoni mwa benki au supamaketi? Ile mashine ya askari italia. – Mwalimu wa zamani, Mbale

JIBU: Italia kweli. Tangu mabomu ya Kampala ya Julai 2010 ukaguzi wa milangoni umekuwa kawaida yetu. Usingoje ilie. Simama hatua mbili kabla, mikono ionekane, mwite askari kwa sauti ya chini: "Afande, nina silaha yenye leseni, mfuko wa kulia. Nifanyeje?" Kisha usiguse mfuko mpaka akuambie. Usiitoe uonyeshe, askari aliyeona bastola ikitoka mfukoni hasubiri maelezo. Leseni iwe mfuko mwingine, ili mkono unaotafuta karatasi usielekee kwenye silaha. Wakisema huingii nayo, huingii, na usibishane. Baa na harusini usiende nayo kabisa. Pombe na bastola havikai kwenye mwili mmoja.

SWALI: Baba yetu amefariki, tumekuta bastola ndogo ndani ya sanduku lake. Leseni ina jina lake. Mimi ndiye mrithi, naweza kuitumia kujilinda? – Kijana wa Arua

JIBU: Pole kwa msiba, mwanangu. Hapana. Leseni ile ilikuwa ya marehemu, haiwi yako kwa kurithi sanduku. Ukikutwa nayo mfukoni huna leseni, na huzuni haitakutetea. Usiikoki kuona kama ina risasi, usiisafishe, usiwaonyeshe ndugu waliokuja matanga. Funga sanduku, watoto wasikae chumba hicho, nenda kituo cha polisi mikono mitupu na karatasi ya leseni, uwaambie ipo wapi. Waje waichukue wao, na wakuandikie kwamba wameipokea, namba ya bastola ikiwa juu ya karatasi hiyo. Ukiitaka baadaye, utaanza kwa mwenyekiti wa LC1 kama mama wa Busia alivyoanza, hadi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, maana ndiye mkuu wa kutoa leseni za silaha nchini.