Nikikuta sakura zinapukutika, nitakuwa nimechelewa?

SWALI: Dada, mdogo wangu anasoma Tokyo na amenialika. Tiketi ya bei niliyoimudu inanifikisha tarehe 8 Aprili, naye anasema huenda maua ya sakura, yaani ya miti ya cheri ya Japani, yatakuwa yameanza kuanguka. Je, niahirishe hadi mwakani? Msomaji, Muheza.

JIBU: Usiahirishe, ndugu yangu. Mimi niliingia bustani ya Ueno, hukohuko Tokyo, siku kama hizo, mvua imenyesha usiku kucha, nami nina kinyongo moyoni. Chini ya miti watu wametandika maturubai ya buluu, viatu vimepangwa ukingoni kama kwenye mlango wa msikiti, wanakula. Mara upepo ukavuma. Petali zikamwagika kwa wingi hata nisiuone mti wa pili. Bibi aliyeketi jirani yangu alidondokewa na moja kwenye kikombe cha chai. Hakuitoa, alinionyesha, akatabasamu, akanywa. Wajapani wana jina la mmwagiko huo: hanafubuki, tufani ya maua. Wapo wanaoungojea kuliko kuchanua kwenyewe, na tangu siku ile mimi ni mmoja wao.

Kwa nini zinaanguka pamoja? Mtu wa Muheza atanielewa upesi, maana michungwa ya kubebesha anaijua. Aina iliyotapakaa zaidi, Somei Yoshino, haioteshwi kwa mbegu. Kikonyo hubebeshwa kwenye mche mwingine, hivyo miti yote hiyo kwa asili ni mti mmoja. Ya mahali pamoja huchanua karibu siku moja, na baada ya wiki hivi imekwisha.

Ukitaka pia maua yaliyo bado mtini, nenda Shinjuku Gyoen, bustani nyingine ya Tokyo. Kiingilio ni yen 500, pombe hairuhusiwi. Kuna sakura za aina nyingi, na zile zenye petali nyingi zilizofumbatana, kama Kanzan, huchelewa hadi katikati ya Aprili na kuendelea. Mdogo wako aulize kwanza kama siku hiyo lazima kuagiza nafasi mapema. Chukua sweta nzito, na mfuko wa takataka zako, kwani mapipa ni adimu.

Lakini anzia Ueno, kwenye bwawa la Shinobazu. Petali hutanda juu ya maji. Hapo huitwa hanaikada, chelezo cha maua. Mashua zenye umbo la bata maji zikipita huacha mfereji mweusi katikati, kisha petali zinarudi taratibu na kuuziba.