Msiwasahau waliobeba mizigo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kanisa la kijijini liweke kumbukumbu ya wanakijiji waliofia vitani? Na likiweka, nani aandikwe? Mimi ni mzee wa kanisa wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma. Swali la kwanza halinisumbui: iwekwe. La pili ndilo lenye kazi, maana kwetu limeshatugombanisha kikaoni.

Ukitaja waliofia vitani, watu wengi hapa wanafikiria vita vya Nduli tu. Ni haki yao. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na katikati hapo vijana walitoka vijijini, wengine askari wa kazi, wengine mgambo ambao juzi yake walikuwa shambani wanapalilia uwele. Wazee waliowaona wakiondoka bado wapo. Waulizwe sasa hivi, kabla hata ya kuitisha harambee, la sivyo tutakuwa na mnara mzuri na hatuna wa kumwandika.

Na jina lenyewe si jambo la dakika moja. Jirani yangu, mama mtu mzima, alimpoteza kaka yake kwenye vita hivyo. Nilipomwomba jina alinitajia la Kigogo, alilopewa kwa sababu alizaliwa mwaka wa mvua nyingi. Akaingia ndani, akatoka na Biblia ambayo katikati yake kuna cheti cha ubatizo kimekunjwa mara nne, kimeanza kukatika kwenye mikunjo: jina jingine. Jeshini aliandikishwa kwa la tatu, la babu yake, kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye karatasi za shule. Ukichonga lile la jeshini peke yake, wajukuu wa ukoo watapita hapo kila Jumapili wasijue kwamba huyo ni wao. Yachongwe yote matatu, fundi alipwe zaidi.

Vita vya Hitla, yaani vya pili vya dunia, navyo viliwachukua watu wa Tanganyika kupitia Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Kwa hao utaratibu ni uleule: familia yenye jina ilete.

Ninapotofautiana na wenzangu ni kwenye vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918. Huku Ugogo waliochukuliwa kushika bunduki walikuwa wachache ukilinganisha na waliochukuliwa kubeba mizigo. Mjerumani alichukua wanaume, ng'ombe na nafaka. Julai 1916 majeshi ya upande wa Mwingereza yakaingia Dodoma, nayo yakataka wanaume, ng'ombe na nafaka. Reli ya kati ilipita hapa tayari, lakini porini hakuna reli, na mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo mzigo ukaishia kichwani kwa mtu. Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, kwa Kiingereza Carrier Corps. Hata ile Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inawataja kama miguu na mikono ya jeshi, ila jina la mtu mmoja mmoja hulikuti.

Kisha mvua ikakatika, na maghala yalikuwa yamekwisha kukombwa. Ndiyo Mtunya, njaa ambayo bibi zetu walihesabia umri wa watu. Wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu kama 30,000 katika Ugogo yenye watu 150,000 hivi. Kuna mwenzangu anayesema kumbukumbu ni ya askari, mambo ya njaa yana mahali pake. Sikubaliani naye hata kidogo. Mama aliyekufa kwa sababu debe lake la mwisho la mtama lilibebwa kulisha jeshi, ameuawa na vita. Mstari mmoja unatosha: wapagazi wa kijiji hiki na waliokufa kwa Mtunya. Majina yakipatikana, yaongezwe chini yake.

Waislamu na wale ambao hawakubatizwa waandikwe vilevile. Kwa ajili yao napendekeza jiwe likae nje, karibu na lango, mtu asilazimike kuingia ibadani ndipo amwone babu yake. Nimesema jiwe. Kuna waliotaka ubao, eti unapendeza. Sijui wanaishi Dodoma ipi isiyo na mchwa. Rangi nayo jua letu linaimaliza upesi. Mawe tunayo tele, na mafundi wa kujengea makaburi wanajua kuchonga.

Majina yasomwe Jumapili iliyo karibu na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Wapo wanaotaka Novemba kama Waingereza, lakini Novemba watu wanasafisha mashamba wakisubiri mvua na mfukoni hamna kitu. Julai mavuno yako ndani, na asiye na fedha anaweza kutoa debe la alizeti likauzwa.

Mwenzangu yule bado anaupinga mstari wa Mtunya. Nimemwomba kikao kijacho alete majina ya ndugu za babu yake na namna walivyokufa, halafu atuambie yeye angewaandika wapi.