Kabla hujapima serotonini ya damu kutafuta sonona

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maabara hapa Moshi, wengi wenu mnakuja na wazo moja la utafiti: tupime serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, kwenye damu, tujue nani ana sonona. Silidharau. Malaria ina kipimo, kisukari kina kipimo, na mgonjwa wa sonona anayeambiwa nyumbani kwamba anajidekeza angefarijika kuwa na karatasi ya majibu mkononi. Ila fahamuni kwanza mnachokipima.

Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo. Ikiingia kwenye damu hufyonzwa na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), ambazo zenyewe haziitengenezi, na karibu yote hukaa humo. Kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo hakiiruhusu kupita. Kwa hiyo namba mnayoipata ni habari za utumbo na chembe sahani. Ya ubongoni hamjayagusa.

Halafu kuna sampuli yenyewe, na hapa nawaomba mtulie. Damu ikiganda, chembe sahani humwaga serotonini yake. Pimeni seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, mtapata nyingi. Pimeni plazima, yaani majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda, iliyoondolewa chembe sahani vizuri, mtapata kidogo sana, na ni mtu yuleyule, asubuhi ileile. Sindano ikihangaika kwenye mshipa, tyubu ikitikiswa ovyo au ikikaa mezani kusubiri zamu ya kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha damu, plazima hiyo haiaminiki tena. Andikeni saa ya kutoa damu, saa ya kuizungusha, na idadi ya chembe sahani. Mkisoma utafiti wa mtu, anzeni na sehemu ya mbinu: alipima seramu, plazima au damu nzima? Asiposema, msilinganishe majibu yake na yenu.

Ulizeni dawa pia. Fluoksetini, dawa ya sonona, hufunga mlango ambao chembe sahani huingizia serotonini, hivyo baada ya wiki kadhaa kiasi kilichomo kwenye damu nzima hushuka sana, wakati mgonjwa mwenyewe huenda ameanza kulala na kula. Kipimo kinashuka, mtu anapata nafuu! Asiyejua hilo ataandika kwamba hali imezidi kuwa mbaya.

Kipimo cha mkojo cha 5-HIAA (kinachobaki serotonini ikivunjwa mwilini), kinachotumika kusaka uvimbe wa karsinoidi, ambao huweza kutoa serotonini nyingi, kina mtego wa chakula: ndizi, nanasi, parachichi na nyanya hupandisha majibu. Huku kwetu tajeni mtori kwa jina, maana mtu aliyekunywa mtori anaweza kukujibu kwamba hajala ndizi.

Mwaka 2022 daktari wa akili wa Uingereza, Joanna Moncrieff, na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona hutokana na upungufu wa serotonini. Ubishi ulikuwa mkali. Kwamba dawa zinasaidia au la ni swali jingine, kwa hiyo msimshauri mtu yeyote aache zake.

Damu bado ina kazi: hemoglobini na homoni za tezi ya shingo zipimwe, kwani upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu unaofanana na sonona. Sonona yenyewe hutafutwa kwa mazungumzo, na dodoso la PHQ-9 lenye maswali 9 husaidia. Swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru. Mshiriki akilijibu ndiyo, wekeni tyubu chini, mmoja abaki naye, mwingine amwite daktari saa hiyohiyo.