Ndugu Short: kutoka maputo hadi ndege sita za aina moja

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasikia ndugu Short wa Uingereza ndio wa kwanza duniani kuunda ndege kwa mfululizo. Inakuwaje, na ndugu Wright ndio walioruka mwaka 1903? Tena hawa walikuwa mafundi wa maputo tu.

JIBU: Marahaba. Kuruka ni kazi moja, kuunda ndege sita zinazofanana ni nyingine kabisa.

Eustace na Oswald Short walishona maputo chini ya matao ya reli, Battersea, London, jirani na kiwanda cha gesi. Mwaka 1908 Wilbur Wright aliporuka Ufaransa mbele ya umati, waliona biashara ya maputo imefika mwisho. Wakamwita kaka yao Horace, mhandisi, wakaanzisha kampuni Novemba mwaka huohuo. Mapema 1909 wakapata oda ya kuunda ndege sita aina ya Wright Flyer, kwa leseni ya ndugu Wright.

Horace akaenda Pau, kusini mwa Ufaransa, akaipima ndege ya Wilbur na kuichora. Kwangu mimi, ninayeshinda na michoro mezani, hapo ndipo kiwanda kilipozaliwa. Ndege moja fundi mzuri huiunda kwa jicho na uzoefu. Sita haziundwi hivyo. Flyer ilisawazishwa angani kwa nyaya zilizopinda ncha za mabawa. Waya ukipishana urefu na mwenzake, au mbavu za bawa moja zikizidi za jingine, ndege inalalia upande. Bila vipimo vya maandishi, kosa la kwanza linarudiwa mara sita. Ushonaji wa maputo nao haukupotea, maana mabawa yalivikwa kitambaa.

Kazi ilihamia kisiwa cha Sheppey, Kent. Flyer ya kwanza alipewa Charles Rolls, yule wa Rolls-Royce. Tarehe 30 Oktoba 1909, rubani Mwingereza Moore-Brabazon alishinda pauni 1,000 kwa kuruka maili moja ya mzunguko na ndege waliyoibuni Short wenyewe.

Baadaye Horace alibuni mabawa ya kukunjwa ili ndege za baharini zienee melini. Mwaka 1915 ndege za Short zilirushwa kwenye delta ya Rufiji kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg. Zilipanda kwa tabu: hewa ya joto ni nyepesi, bawa linapata nguvu ndogo ya kuinua na injini nayo inapungua nguvu.