Maswali ya Wasomaji: Mbao zilizosokoteka na injini inayochemka

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata fremu ya kupasulia mbao, ile inayofungwa kwenye msumeno wa mnyororo, na nina gogo lenye kipenyo cha sentimita 70 na urefu wa mita 3 ninalotaka kutoa mbao nene za meza. Msumeno wangu una injini ya sentimita za ujazo 70, na mnyororo ni ule ule ninaokatia miti. Kwa mpasuo wa kwanza nilitumia ngazi ya alumini kama reli, nikaikaza juu ya gogo kwa skrubu. Mbao tatu nilizopata zimesokoteka, uso wake una mawimbi, msumeno unatoa unga laini kama wa ngano, na injini inachemka kabla sijafika katikati. Je, fremu hii ni mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, fremu yako haina kosa. Dalili ulizozitaja zina vyanzo viwili visivyohusiana: kusokoteka kwa mbao kumetokana na ngazi, na hayo mengine karibu yote yametokana na mnyororo.

Tuanze na ngazi. Fremu haitambui usawa, bali hunakili uso inaotelezea. Mpasuo wa kwanza hufuata reli, wa pili hufuata uso ulioachwa na wa kwanza, na ndiyo maana mbao zako tatu zina kasoro ile ile. Gogo halina mgongo ulionyooka, kwa hiyo ngazi ilipokazwa, yaelekea ncha moja iliinamia kushoto na nyingine kulia, nayo alumini hukubali kusokotwa bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho ya juu juu. Safari nyingine, kabla ya kuwasha injini, kingamisha juu ya reli vijiti viwili vilivyonyooka barabara, kimoja kila mwisho, kisha uchutame na kutazama kama makali ya juu ya kile cha karibu yanalingana na ya kile cha mbali. Yanapopishana, ingiza kibanzi chembamba chini ya reli mpaka yalingane. Pimamaji si lazima, kwa sababu gogo halihitaji kuwa sawa na ardhi. Mimi hupendelea liiname kidogo kuelekea ninakokwenda, ili uzito wa msumeno unisaidie kusukuma. Reli ipite ncha zote mbili za gogo, fremu ipate pa kuegemea kabla mnyororo haujaingia na baada ya kutoka, na skrubu zisiwe ndefu kiasi cha kufikia njia ya meno. Gogo lililobaki halijaharibika: rudisha reli, isawazishe kwa vijiti, ukubali kupoteza kipande kimoja chenye umbo la kabari.

Sasa mnyororo. Meno ya kukatia miti hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi, ilhali ya kupasulia hunolewa kwa takribani digrii 10, na uso unaopatikana huwa laini zaidi. Unga kama wa ngano maana yake meno ni butu na yanasaga badala ya kukata. Mpasuaji husukuma kwa nguvu, na injini ndiyo inayolipa. Mawimbi nayo mara nyingi hutokea meno ya upande mmoja yanapokuwa makali au marefu kuliko ya upande wa pili, bamba la mnyororo likavutwa juu au chini, kwa hiyo hesabu mapito ya tupa na uyapatie meno yote idadi sawa. Nolea kila baada ya ubao mmoja au miwili, na ubandue gome lenye mchanga, kwani mchanga humaliza makali kwa dakika chache.

Injini ya ukubwa huo inalimudu gogo lako kwa shida. Kwa upana wa namna hii ningechagua ya 90 au zaidi. Ukiendelea na uliyo nayo, safisha kichujio cha hewa mara kwa mara, usisukume kwa pupa, na mpasuo ukiisha iache iungurume taratibu dakika moja kabla ya kuizima. Pigilia kabari nyuma ya msumeno kila nusu mita hivi, ubao usije ukaulalia mnyororo. Barakoa na vizibo vya masikio usivikose, kwani kichwa chako kitakuwa karibu na moshi na kelele kwa muda mrefu.

SWALI: Baada ya kupasua, nisubiri muda gani kabla ya kutengeneza meza?

JIBU: Kwa kukausha kwa hewa, kadirio la maseremala ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Paka ncha rangi nzito au nta siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha na kuzipasua. Panga mbao kivulini penye upepo, zikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja vilivyolazwa kimoja juu ya kingine katika mstari wa wima. Ubao wenye kiini cha gogo utapasuka tu, maana mti hunywea kufuata duara la pete zake karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea kiini. Upasue pale pale kwenye kiini upate mbao mbili zenye upana mdogo. Pima ubao mmoja kwa mizani kila mwezi, na uzito ukiacha kupungua, anza kazi.